Ufikivu wa kidijitali ni nini hasa?

Ufikivu ni hali ya kitu, iwe simu, tovuti, kitabu cha sayansi au mashine ya benki, kuweza kutumiwa na mtu ambaye mwili wake haufanyi kazi kwa namna aliyoifikiria mtengenezaji. Asiyeona anakitumia kwa masikio au kwa vidole. Kiziwi anakitumia kwa macho. Asiyeweza kushika kipanya anatumia kibodi, sauti yake, au swichi moja anayoibonyeza kwa shavu. Kitu kikiwapokea wote hao, kinafikika. Kikiwakataa, kasoro ni ya kitu.

Hapo kwenye kasoro ndipo wengi wanapopotea. Ukilitaja jambo hili hapa Mombasa, watu hufikiri unazungumzia misaada: viti vya magurudumu vinagawiwa, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa. Sisemi kiti ni kitu kibaya. Lakini ufikivu huamuliwa mapema zaidi, kabla mhusika hajatokea, kwenye meza ya aliyechora fomu, aliyeandika programu au aliyepanga kurasa za kitabu.

Mimi huupima kwa swali moja: je, mtu anaweza kumaliza shughuli yake bila kumtajia mwingine namba yake ya siri?

Mchukue mzee asiyeona wa Likoni. Anavuka feri, anapanda matatu, anaingia saiba (duka la huduma za mtandao) moja karibu na Posta, Barabara ya Digo, kumwombea mjukuu wake basari. Fomu iko mtandaoni na simu yake haiwezi kumsomea, kwa sababu tutakazoziona. Kijana wa saiba anaanza: "Mzee wangu, namba ya kitambulisho?" Anataja. "Nenosiri la barua pepe?" Anataja, kwa sauti, na nyuma yake pana foleni. Ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye simu ya mzee. Kijana anaichukua na kuusoma. Ada ya saiba inalipwa kwa simu, na mzee anaomba asaidiwe hapo pia. Akitoka, kijana ana kitambulisho chake, barua pepe yake na namba ya siri ya pesa zake. Huenda kijana ni mwaminifu. Wengi wao ni waaminifu. Hata wanaoona huwaachia vijana wa saiba kila kitu, hilo tunalijua. Tofauti ni kwamba anayeona anaweza kurudi nyumbani akajifanyia mwenyewe.

Na mambo yanazidi kuhamia huko. Serikali ilipozindua Gava Mkononi, programu yake ya simu ya huduma za umma, mnamo Juni 2023, ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 sasa ziko mtandaoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Fomu moja mbovu inawafungia wengi.

Sasa, kwa nini simu haikumsomea mzee? Asiyeona huitumia simu kwa kisoma skrini, programu inayotamka yaliyomo. Android ina TalkBack, iPhone ina VoiceOver tangu 2009. Kwenye kompyuta za Windows kuna JAWS, inayouzwa, na NVDA, isiyolipiwa, ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona aliyechoka kuona wenzake wakitozwa pesa nyingi ili tu kusikia kompyuta zao. Kisoma skrini hakiutazami ukurasa kama jicho. Kinasoma yaliyoandikwa nyuma yake kwenye msimbo: hiki ni kichwa, hiki ni kiungo, hiki ni kitufe na jina lake ni "Tuma". Unatelezesha kidole kulia, kinahamia kitu kinachofuata. Unagonga mara mbili, kitu kinafunguka.

Fomu iliyoandikwa ovyo husikika hivi. "Sehemu ya kuandika." Ya jina au ya simu? Haisemi, kwa sababu maneno "Jina kamili" yamewekwa juu ya kisanduku ili yaonekane tu, hayakufungwa nacho. Unateleza. "Sehemu ya kuandika." Unateleza tena. "Sehemu ya kuandika." Halafu: "Kitufe." Kitufe cha nini? Kina mshale wa kijani unaopendeza na hakina jina. Unakigonga kwa kubahatisha. Kimya. Umekosea pahali, lakini kosa limeonyeshwa kwa kukizungushia kisanduku mstari mwekundu, na nyekundu haina sauti.

Dawa yake haihitaji programu maalumu ya wasioona. Kila kisanduku kifungwe na lebo yake, kitufe kipewe jina, kosa lielezwe kwa maneno. Anayeona hataona tofauti yoyote. Ukitaka kuamini, washa TalkBack kwenye simu yako, fumba macho na ujaribu kumtumia mtu ujumbe. Ila soma kwanza namna ya kuizima, maana ikishawaka, hata kuizima kunafuata sheria zake za kugonga mara mbili.

Tovuti mbovu zinaudhi, lakini kwa maisha ya kila siku naona adui mkubwa zaidi ni picha ya tangazo. Tangazo la kukatwa maji, jedwali la karo, ratiba ya mazishi: limechapwa vizuri kwenye kompyuta, likatolewa kwenye karatasi, likapigwa muhuri, likapigwa picha, likatupwa kwenye kundi la WhatsApp. Kisoma skrini kinafika hapo na kutamka, "Picha." Basi. PDF iliyotoka kwenye skana ni vivyo hivyo, ni picha iliyovaa jina la hati. Zipo programu za kuyatambua maandishi ndani ya picha, na zinasaidia, ila muhuri tunaoupenda sana hutua juu ya maneno, simu hushikwa upande, na jedwali la karo husomwa kwa kuchanganya safu hadi ada ya kidato cha kwanza ikaangukia cha tatu. Maneno yenyewe yabandikwe chini ya picha. Hati ya Word ihifadhiwe moja kwa moja kuwa PDF, isipitie printa na skana. Na picha yenye habari, kama ramani au mchoro, iandikiwe maandishi mbadala: sentensi moja au mbili zinazosema kilichomo.

Ujumbe wa sauti nao una yake. Watu wa Pwani tunapenda kuongea, na makundi mengi ya simu yamejaa sauti za dakika tatu tatu. Asiyeona anafurahi. Kiziwi amefungiwa nje. Kwa hiyo hakuna umbo moja linalomfaa kila mtu. Ufikivu mara nyingi ni kuutoa ujumbe ule ule kwa njia mbili. Hata manukuu chini ya video hayatoshi kila mara. Kiziwi aliyekulia kwenye Lugha ya Ishara ya Kenya, yenye sarufi yake, anasoma Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu. Lugha hiyo ya ishara, ikumbukwe, ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge kwa ibara ya 120 ya Katiba. Kwa mwenye mikono inayotetemeka tatizo ni vitufe vidogo vilivyobanana, na zile menyu za simu za nyota na reli (* na #) zinazojifunga usipojibu upesi. Ndipo anapompa wakala simu, na namba ya siri inaondoka tena.

Tazama feri ya Likoni. Mlango wake ni bamba la chuma linaloshuka hadi ardhini, na kwa bamba hilo hilo hupita lori, mkokoteni wa machungwa, mama na mabegi yake na mwenye kiti cha magurudumu. Hakuna mlango wa walemavu. (Maji yakipwa mteremko huwa mkali, na hapo mwenye kiti anahitaji mkono wa mtu. Kazi haijaisha.) Manukuu yaliyowekwa kwa ajili ya kiziwi husomwa pia na abiria wa matatu ambaye hawezi kusikia simu yake kwa muziki wa dereva.

Upande wa sheria si haba. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inataja haki ya kufikia habari, na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ifaayo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Kwa mafundi kuna mwongozo wa kimataifa, WCAG, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1999 na W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, wenye vipimo hasa: kwa mfano, weusi wa maandishi ya kawaida na weupe wa mandhari yake vitofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kwa hiyo yale maandishi ya kijivu juu ya kijivu kidogo yanaanguka mtihani. Mwaka 2022 Kenya ikapata kiwango chake cha ufikivu wa teknolojia, KS 2952. Kwa maoni yangu pahali pa kukibana ni kwenye zabuni. Kazi ya tovuti ikitangazwa, kiwango kiandikwe ndani ya mkataba, watu wenye ulemavu waitwe kuijaribu na walipwe kama fundi mwingine yeyote, na malipo ya mwisho ya mjenzi yasubiri majibu yao.

Sayansi ina ugumu wa aina yake. Habari nyingi za kawaida ni maneno, na maneno yanasomeka. Sayansi imejaa grafu, michoro na milinganyo, na mwanafunzi asiyeona huishia kusimuliwa na jirani yake wa dawati. Jirani anasema, "Mstari unapanda halafu unashuka." Hayo ni mahitimisho ya jirani. Data yenyewe mwanafunzi hajaigusa.

Lakini inagusika. Grafu inaweza kugeuzwa sauti: thamani ikipanda, sauti inakuwa nyembamba, ikishuka, inakuwa nzito. Wanda Díaz-Merced, mwanafizikia wa anga kutoka Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mwanafunzi, amechunguza data za nyota kwa njia hiyo. Programu ya hesabu ya Desmos, isiyolipiwa, nayo huchezesha grafu kwa sauti. Ningependa kuona darasa la Likoni likiwekewa grafu ya maji ya Kilindini ya mwezi mzima. Wangesikia maji yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila kilele kikichelewa kwa dakika 50 hivi kuliko cha jana. Siku za bamvua sauti ya juu na ya chini zingeachana mbali, siku za maji mafu zingekaribiana. Mtoto wa mvuvi angetambua mwezi uko wapi kabla mwalimu hajasema.

Milinganyo inataka uangalifu zaidi. Msomee mtu "x jumlisha moja gawanya kwa mbili" na tayari umempa hesabu mbili tofauti: je, kinachogawanywa ni moja peke yake, au x na moja pamoja? Mlinganyo ukiwekwa kama picha, kisoma skrini hakisemi hata maneno hayo. Ukiandikwa kwa MathML, lugha ya kuandikia hesabu kwenye tovuti, kisoma skrini kinajua sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi. Breli nayo ina nukta sita tu kwa kila herufi, kwa hiyo hesabu zilihitaji utaratibu wake. Mmojawapo unaotumika sana uliandaliwa na Abraham Nemeth, mwanahisabati wa Marekani ambaye naye hakuwa akiona, ukachapishwa mwaka 1952.

Anayesema maabara haiwezekani namwelekeza kwa Geerat Vermeij, mzaliwa wa Uholanzi, asiyeona tangu akiwa na miaka 3, aliyekuwa profesa huko California na mmoja wa wajuzi wakubwa wa makombe duniani. Hufanya kazi kwa vidole. Vidole hupita kwenye ukingo wa kombe na kukuta kovu pale kaa alipolivunja na mnyama wa ndani akaliziba. Kwa makovu ya namna hiyo ameeleza jinsi wawindaji na makombe walivyoshindana kwa mamilioni ya miaka, huyu akiongeza nguvu za gando, yule akiongeza unene wa ganda. Ufuo wa Nyali umejaa vifaa vya somo hilo. Hapa kwetu orodha ya masomo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, imekuwa na Biolojia ya Wasioona. Vitabu navyo vimepewa njia: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unaruhusu nakala za breli au za sauti kutengenezwa na kuvuka mipaka bila kumwomba mchapishaji ruhusa kila mara.

Limebaki jambo dogo la kifundi ambalo watengenezaji wa tovuti za Kiswahili hulisahau. Kisoma skrini huchagua sauti kwa kufuata lugha iliyotajwa kwenye msimbo wa ukurasa. Ukurasa usipoitaja, simu iliyowekwa Kiingereza itasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na "maji yatarudi jioni" itatoka kama maneno ya mtu mwenye mafua kutoka London. Sauti za Kiswahili zipo, ya Google na ya eSpeak, ambayo NVDA huja nayo. Zinachosubiri ni lang="sw" mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa, na lang="en" pale unapochomeka aya ya Kiingereza. Sheng bado kila sauti inaisoma inavyojua yenyewe.