Je, wajua kwa nini Waholanzi hutakiana usingizi "mtamu"?

Nilipoanza Kiholanzi nilifundishwa kuwa *groot* ni kubwa na *groter* ni kubwa zaidi. Kwa hiyo nilipokutana na *lekker*, neno la kusifia chakula, niliikata ile *-er* ya mwisho nikabaki na *lek*. Kamusi ikasema *lek* ni kinachovuja, kama ndoo iliyotoboka au tairi lenye pancha. Nikajiridhisha kwamba supu *lekker* ni ile inayokuvujisha mate zaidi.

Cha kuchekesha ni kwamba *lek* ikilinganishwa huwa *lekker* kweli. Lakini hayo ni maneno mawili yaliyogongana sura tu, hayana ukoo. *Lekker* ya chakula hailinganishi chochote. Ukitaka "tamu zaidi" huna budi kusema *lekkerder*, kwa kuchomeka *d*, kama vile *duur* (ghali) inavyokuwa *duurder*.

Asili yake ni ulimi. Neno linatokana na kitenzi cha kulamba, ambacho siku hizi ni *likken*. Wajerumani wanalo pia, *lecker*, ila kwao kwa kawaida halitoki mezani. Kwa Waholanzi limezurura: jua likiwaka ni *lekker weer*, na usiku mtu huambiwa *slaap lekker*, yaani "lala usingizi mtamu".

Mswahili hana haki ya kushangaa. Chai ni tamu, sauti ni tamu, usingizi nao mtamu, na hakuna aliyewahi kuulamba. Tena tunaagana usiku kwa "lala unono", na unono huo ni wa nyama iliyonona. Ulimi hukopesha sifa yake kwa kila kinachoupendeza mwili; nadhani *lekker* nayo ilipita njia hiyo hiyo, ingawa huo ni mpangilio wa mantiki kuliko wa tarehe.

Tofauti ni kwamba *lekker* hujibandika hata kwenye vitenzi: *lekker wandelen* ni kutembea kwa raha zako. Asemaye *ik voel me niet lekker* anaumwa, hajakosa sukari. Na ukimsimulia Mholanzi jambo lisilomhusu, akainua mabega na kujibu *lekker belangrijk*, yaani "muhimu kweli kweli", usiendelee na hadithi.