Gundi ya nyuzi za bolti: ipi inafaa injini ya gari la zamani?

Gundi ya nyuzi ni majimaji yanayotiwa kwenye nyuzi za bolti ili isilegezwe na mtikisiko. Haikauki kwa upepo kama gundi ya mbao. Ikibanwa kati ya bolti na nati, mahali pasipo hewa, huganda kwa kugusana na chuma na kujaza mianya yote. Mkemia Vernon Krieble wa Marekani ndiye aliyeibuni mwaka 1953, nayo ikauzwa kwa jina la Loctite. Chupa mpya huja haijajaa, na mnunuzi hudhani kapunjwa. Kumbe hewa iliyomo ndiyo inayoizuia isigande humohumo.

Mwenye Land Rover Series au Peugeot 504 hapa Malindi, kabla ya kuuliza ipi ina nguvu zaidi, aulize bolti hiyo itafunguliwa tena lini. Katika bidhaa za Loctite, zambarau namba 222 ni ya skrubu ndogo, kama za kabureta. Buluu namba 243 hushika vizuri na bado hufunguka kwa spana ya kawaida. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ya kuwekwa gereji, maana gari la zamani hufunguliwa mara kwa mara. Nyekundu namba 271 huhitaji moto wa nyuzijoto 250 hivi ndipo iachie. Fundi anayeipaka kila mahali anamwachia fundi mwenzake kazi ya kukata bolti. Kampuni nyingine zina rangi zao, kwa hiyo soma maelezo ya chupa.

Bolti za manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, ziache. Buluu huvumilia hadi nyuzijoto 180, na ekzosi hupita hapo kwa mbali; nati za shaba hufaa zaidi. Za silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) nazo usizipake kwa kubahatisha: hushika kwa kukazwa hadi zivutike kidogo, na gundi mbichi hutelezesha nyuzi, hivyo kipimo kilekile cha spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, huweza kuzivuta kupita kiasi. Fuata kitabu cha gari.

Pwani kuna jambo jingine. Kwa kuogopa chumvi, wengi hununua bolti za chuma kisichoshika kutu, na juu ya chuma hicho gundi nyingi huchelewa sana kuganda. Namba 243 ina nafuu hapo. Nyingine huhitaji dawa ya kuichochea. Kwenye bolti za kawaida, gundi yenyewe huzuia maji ya chumvi yasipenye kwenye nyuzi.

Safisha mafuta na kutu ya zamani kwa brashi ya waya na thina, uache nyuzi zikauke. Kama tundu halikutokea upande wa pili, tia gundi ndani ya tundu, la sivyo hewa iliyonaswa chini itaisukuma nje. Injini iache saa 24 kabla ya kuiwasha.