Mionzi ya ndani kwa kansa ya ini, maswali ya benchi la nje ya wodi

Kuna familia ilinibana kwa maswali juzi hapa Dodoma, mzee wao ana kansa ya ini na ameambiwa habari ya mionzi inayowekwa ndani. Nimeona niwajibu na wengine.

Wanampasua tumbo?
Hapana jamani. Daktari anapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa damu wa kinenani au wa mkononi, anaufuatilia kwenye skrini mpaka ufike kwenye ini, halafu anamwaga vipunje vyenye yitriamu 90 (madini yanayotoa mionzi), vyembamba kuliko unywele. Ujanja uko hapa: ini lenyewe linapata kama robo tatu ya damu yake kwenye mshipa unaotoka utumboni, ila uvimbe wa kansa unanyonya zaidi kwenye ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Wakulima wa zabibu wa Hombolo mtanielewa, shamba la umwagiliaji wa matone lina laini mbili na magugu yamejazana kwenye moja, basi dawa unaipitisha hiyo hiyo. Vipunje vinakwama kwenye vimishipa vya uvimbe na kuuchoma, mionzi yake inafika milimita 2 au 3 tu kwa wastani.

Mbona kwanza wanamjaribu tu halafu anarudishwa nyumbani?
Msikasirike, wanaangalia kama damu ya uvimbe inavujia kwenye mapafu, maana vipunje vingeifuata huko huko. Ikivuja sana wanaghairi.

Wajukuu wamkimbie?
Wala. Nguvu ya yitriamu inapungua nusu kila saa 64 hivi. Siku chache za mwanzo asilale na mjamzito, asipakate watoto muda mrefu, kula pamoja ruksa.

Atapona?
Mara nyingi hapana, niseme ukweli. Inausinyaza uvimbe au kuuchelewesha, wachache unapungua mpaka wanaweza kupasuliwa. Mwenye macho ya njano au tumbo lililojaa maji mara nyingi hafanyiwi, ini lake halitahimili. Baadaye kuna uchovu wa wiki kadhaa, kichefuchefu, homa kidogo.

Imetoka wapi na mzee hanywi pombe?
Homa ya ini B na C zinaleta, na sumukuvu pia, ile ya ukungu wa mahindi na karanga iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016. Ukiila kidogo kidogo miaka na miaka, tena una homa ya ini B, hatari inazidi sana. Chanjo ya B ipo, mahindi kausheni juu ya turubai, yaliyoota ukungu tupeni, maana kuchemsha ugali hakuitoi sumu na ukimpa ng'ombe inakurudia kwenye maziwa.