Dhahabu ya rehani: ardhi ya ukoo katika kijiji cha Minangkabau

Nikiandika habari za ardhi ya kimila hakosekani msomaji wa kuniuliza kuhusu Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, "wale Waislamu ambao ardhi kwao ni ya wanawake". Habari hiyo ina ukweli, ila imenyooshwa mno. Kazi yangu ni sheria za ardhi, na kwa jicho la kazi hiyo mwanamke wa Kiminangkabau hamiliki shamba la urithi kwa maana ya mtu anayeweza kuliuza kesho asubuhi. Mjomba wake naye hawezi. Shamba ni la ukoo wa upande wa mama, waliokwisha kufa na wasiozaliwa bado wakihesabiwa humo, na walio hai wanalitumia tu. Kinachoufanya mpango huo usikatike ni rehani. Wanaosifia utamaduni huu huiruka, labda kwa kuwa haina mapambo.

Chimbuko lao ni nyanda za juu zinazouzunguka mlima Marapi, volkano hai yenye urefu wa mita 2,891: Tanah Datar, Agam na Lima Puluh Kota. Udongo wa majivu ya volkano una rutuba, na majaruba ya mpunga yamepangwa ngazi kwa ngazi hadi bondeni, jaruba la juu likimwagia maji la chini. Mwenye jaruba la juu akiziba mfereji, wa chini anakosa msimu, kwa hiyo ujirani hapa ni mkataba hata bila karatasi. Kijiji huitwa nagari. Utawala wa Rais Suharto, kwa sheria Na. 5 ya 1979, ulitaka vijiji vya nchi nzima viwe na muundo mmoja, na nagari zikakatwa vipande. Alipoondoka, sheria mpya ya serikali za mitaa ya 1999 ilifungua mlango, na mwaka 2000 mkoa ukapitisha kanuni ya kuzirudisha.

Mume wa Kiminangkabau huhamia kwa mke. Katika nyumba kubwa ya ukoo, ile yenye paa la ncha kama pembe za nyati, vyumba vilikuwa vya mabinti walioolewa. Kijana wa kiume akishapata akili alilala surau, nyumba ndogo ya ibada na mafunzo. Siku hizi wengi wanaishi nyumba za kawaida za matofali, lakini ardhi bado inamfuata mama. Mume ugenini husemwa ni jivu juu ya kisiki: upepo ukipita, hayupo. Bwana huyo huyo akirudi kwa dada zake ni mjomba, na neno lake lina uzito. Anayetaka kujua nguvu ya mwanamume kijijini humo asimtazame kwa mkewe.

Mali iko ya namna mbili. Ile mtu aliyoichuma mwenyewe ni yake, anaweza kuiuza au kuwapa wanawe. Ile iliyoshuka kutoka kwa mabibi, vizazi na vizazi, ndiyo pusaka ya juu. Hiyo hugawanywa kwa matumizi tu: kila mama anapewa majaruba yake ya kulima na mavuno ni yake, na akifa yanaenda kwa binti zake. Asipoacha binti, yanarudi kwa watoto wa kike wa dada zake. Mkubwa wa wajomba huwa mlinzi wa mali, ndiye anayeusemea ukoo barazani na mahakamani. Lakini sahihi yake peke yake haitoshi kuitoa ardhi. Wanaukoo wazima, akina mama kwanza, lazima waridhie.

Adati, yaani sheria ya kimila, inakubali sababu nne za kuigusa mali hiyo. Kuna maiti ndani na hakuna cha kumzikia. Kuna msichana aliyepita umri na harusi haina gharama. Nyumba kubwa inavuja. Na ukoo unataka kuusimamisha tena ukuu wake uliozama, yaani kumtawaza kiongozi mwenye cheo cha datuk, shughuli inayochinjiwa nyati. Zote nne ni za ukoo mzima. Pikipiki haimo, ingawa nani asiyejua kwamba ada ya chuo siku hizi hupenyezwa chini ya mojawapo. Na hata sababu ikipatikana, njia inayotakiwa kwanza ni rehani.

Tuseme akina mama wa ukoo mmoja wanahitaji fedha za mazishi. Wanaweka majaruba rehani kwa emas kumi. Emas moja huko ni gramu mbili na nusu za dhahabu, kwa hiyo deni ni gramu ishirini na tano, na karatasi inaandikwa hivyo hivyo, kwa dhahabu. Wanatia sahihi mjomba, wanaukoo, anayepokea rehani na majirani wa mipaka yote, maana jirani asiyetia sahihi leo ndiye shahidi wa upande wa pili kesho. Riba haiandikwi. Anayepokea analima na kula mavuno hadi siku atakayorudishiwa dhahabu yake. Mara nyingi hata halimi: anamwachia mwenye shamba aendelee kulima kwa nusu. Ukipita barabarani utamwona mama yule yule katika jaruba lile lile, akivuna magunia na kupeleka nusu yake kwa mtu mwingine.

Kuhesabu kwa dhahabu si ushamba. Kabla ya msukosuko wa 1997 dola moja ilikuwa rupia 2,400 hivi; mwaka 1998 ilipita 10,000. Rehani ya rupia ingekombolewa kwa robo ya thamani yake na aliyetoa fedha angebaki analia. Dhahabu humlinda yeye. Humlinda pia mwenye shamba kwa namna nyingine: haki ya kukomboa haina mwisho, wajukuu wanaweza kuidai kwa idadi ile ile ya gramu. Na wanaikomboa kweli, hasa kwa fedha za vijana waliokwenda kutafuta maisha Jakarta na Malaysia, kwa sababu kijana wa kiume ambaye hatarithi jaruba hata moja ndiye anayetarajiwa kuyarudisha kwa dada zake.

Msomaji wa Unguja au Pemba hapa atakumbuka bei ya khiyari, yaani kuuza kwa sharti la kuweza kukomboa, iliyotumika kwenye mashamba ya mikarafuu, na atauliza swali ambalo mashehe wameliuliza siku zote: kula mavuno ya kilichowekwa rehani si riba hiyo? Serikali ya Jakarta ililikaribia swali hilo kwa njia ya hesabu. Kanuni Na. 56 ya 1960, kifungu cha 7, inasema shamba lililokaa rehani miaka saba au zaidi lirudishwe bila malipo, kwa kuwa mkopeshaji amekwisha jilipa kwa mavuno. Minangkabau watu wengi hawaitumii. Aliyekusitiri siku ya msiba humpeleki mahakamani kumnyang'anya dhahabu yake. Kwa hesabu naona kanuni ile ni ya haki, hasa pale tajiri mmoja anapokusanya rehani za kijiji kizima. Ila iliandikwa kana kwamba anayepokea rehani siku zote ni tajiri, na huku mara nyingi ni ndugu wa suku (ukoo) moja au jirani, kwani hao ndio wanaopewa nafasi kwanza.

Mirathi yenyewe ilikuwa na ugomvi mkubwa zaidi. Ahmad Khatib, mwana wa Minangkabau aliyezaliwa 1860 na akafikia kuwa imamu wa Kishafii katika Msikiti Mtakatifu wa Makka, aliikemea vikali mali ya ukoo kwamba ni kula haki ya watoto. Mwanafunzi wake Abdul Karim Amrullah alichukua njia nyingine: pusaka ya juu ni mfano wa wakfu, haina mmiliki binafsi, basi haiingii katika mirathi ya marehemu yeyote. Hoja hiyo ndiyo iliyoshika. Mwaka 1952 maulamaa na wakuu wa koo walikutana Bukittinggi wakaamua: mali ya kuchuma igawanywe kwa faraidhi, mgao wa mirathi wa Kiislamu, pusaka ya juu ifuate adati. Ngazidja katika visiwa vya Komoro, kwa Waislamu wa Kishafii pia, manyahuli, mali ya ukoo inayofuata akina mama, imesimama juu ya mvutano wa aina hiyo hiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi leo ni hati miliki. Ofisa wa ardhi anataka jina, na jina linalopatikana haraka ni la mjomba mlinzi wa mali. Sawa, kama wanaukoo wameorodheshwa pamoja naye na mti wa ukoo wao umeambatanishwa. Likiandikwa jina lake pekee, siku akifa wanawe wanashika hati ya baba yao na wapwa zake wanashika mashamba, na pande zote mbili zinaweza kusimama mbele ya hakimu bila kusema uongo. Ukiwa na haja ya kununua au kukodi ardhi huko, hati isikutoshe. Uliza mti wa ukoo.

Ardhi ya pamoja ya nagari, misitu na mapori, ina shida yake. Adati husema nyati akiondoka kidimbwi hubaki: mgeni hupewa ardhi aitumie, akimaliza inarudi kwa wenyewe. Kampuni za michikichi zilipofika wilaya ya Pasaman Barat, wazee walipokea malipo ya kimila wakijua wamekopesha. Karatasi zilisema wameiachia ardhi, nayo ikawa ya serikali, ikatolewa kwa kampuni kama haki ya kilimo ya muda mrefu. Kwa sheria ya ardhi ya 1960 muda huo ukiisha ardhi inarudi serikalini, si kwa nagari, na hati za miaka ya 1990 zinafikia ukomo miaka hii. Kanuni Na. 18 ya 2021 imeruhusu jamii ya kimila ishike haki ya usimamizi na kampuni ikae juu ya haki hiyo, ili muda ukiisha ardhi ibaki kwa jamii. Lakini njia hiyo ni kwa ardhi ambayo jamii bado inayo mkononi. Iliyokwisha kuachiwa kwa sahihi za wazee inabaki kudaiwa upya, shamba kwa shamba.