Ukwato wa Boxer

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu saba barazani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, birika la kahawa katikati, tunasoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya kitabu cha George Orwell. Tukafika pale mbwa wa Napoleon, nguruwe anayelitawala shamba, wanapomrukia farasi Boxer. Boxer anamdaka mmoja hewani na kumbana chini kwa ukwato. Mbwa analia aonewe huruma. Hapo Boxer anainua macho kumtazama Napoleon: nimponde, au nimwache? Napoleon anamwamuru amwachie, naye anamwachia.

Kijana mmoja wa kidato cha nne akaweka kidole kwenye ukurasa, akaniuliza, "Mwalimu, kwani Boxer hajui kuwa ana nguvu?"

Nimefundisha fasihi miaka mingi na swali hilo halijawahi kuniacha. Naliona ndilo mlango wa kuingilia riwaya zote za kidistopia, zile zinazotuchorea jamii iliyobanwa na utawala hadi ndani ya vyumba vya kulala. Tatizo ni kwamba darasani tumezoea kupita mlango mwingine. Mtahini anasema "eleza sifa za mhusika", nasi tunaandika: jasiri, mwenye msimamo, mpenda haki. Kila mwasi anapewa sifa zilezile tatu, na kila mtawala anakuwa katili, mbinafsi, mwenye tamaa. Alama zinapatikana. Lakini ukimaliza kuandika hivyo hujui bado kwa nini wengi wa waasi hawa hushindwa, na kwa nini wengine, wachache, hutoka.

Mimi huwaomba wanafunzi waache moyo wa mhusika kwanza, watazame mikono yake. Utawala umemshikisha kazi gani? Kisha wamtazame macho: akitaka kutenda jambo, anamwangalia nani?

Mchukue Winston Smith katika Nineteen Eighty-Four ya Orwell, iliyotoka mwaka 1949. Kazi yake katika Wizara ya Ukweli ni kubadilisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na kauli za leo za Chama kinachotawala. Ni fundi, na kazi yake anaipenda, jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau. Siku anayoasi hachukui bunduki. Anafungua daftari alilonunua kwa siri na kuandika tarehe: 4 Aprili 1984. Papo hapo anatambua kuwa hana hakika kama kweli ni mwaka 1984. Nani aliyeuchafua mwaka huo usijulikane? Watu wenye kazi kama yake. Mkono unaotaka kuandika ukweli ni uleule uliolipwa kuufuta, na Orwell hatuachi tuupende kwa urahisi.

Sasa yatazame macho. Winston anatafuta mtu wa kumwambia "ndiyo, asi", na anampata O'Brien, afisa mpole anayewakaribisha yeye na mpenzi wake Julia kwa mvinyo. O'Brien anawauliza: mko tayari kuua? Kumwagia mtoto tindikali usoni? Wanajibu ndiyo, wako tayari. Wanakataa jambo moja tu, kutenganishwa. Baadaye, Winston akiwa kifungoni, O'Brien huyo huyo anamsikilizisha sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa akitoa ahadi hizo. Naona Winston alikuwa ameshindwa tangu jioni ile ya mvinyo. Alibadilisha anayemtazama, basi. Macho yalibaki yakiomba ruhusa.

Yupo pia Syme, anayetunga kamusi ya lugha mpya ya Chama. Hata kuasi haasi. Anauamini utawala, ila anauelewa kupita kiasi, na siku moja haonekani tena. Orodha ya Kamati ya Sataranji aliyokuwamo inabaki vilevile, imepungua jina moja. Hakuna lililokatwa kwa wino.

Wapo wanaosema riwaya hizi ni za Ulaya na hofu zake. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu naupata kwa Kithaka wa Mberia. Tamthilia yake Kifo Kisimani, ya mwaka 2001, iliyowahi kusomwa katika shule zetu za sekondari, inamweka Mtemi Bokono juu ya visima vya Butangi. Maji yana walinzi, na mwananchi hateki apendapo. Sisi wa Mombasa hatuhitaji maelezo marefu hapo. Tunakunywa maji yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, na mabomba yakikauka tunasubiri mkokoteni wenye mitungi huku kisima cha jirani kikitoa maji ya chumvi. Mtaani kwetu mwenye nguvu siku hiyo ni yule aliyeshika ufunguo wa kioski, na hata wazee humwita kwa upole.

Ndiyo maana katika Kifo Kisimani mimi husimama kwa Gege kuliko kwa Bokono. Mwelusi, ndugu yake Gege, ndiye mwasi, na wanafunzi humpenda mara moja. Gege anaahidiwa kumwoa Alida, binti wa mtemi, naye anamuua ndugu yake wa damu. Huyu hakunyang'anywa kitu, aliahidiwa. Hofu peke yake haitoshi kuulinda utawala. Kuna pia zawadi ambayo bado haijatolewa, na mtu anayeisubiri ana macho kama ya Boxer.

Basi yupo asiyeomba? Yupo, na katuletea mtu wa pwani. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, aliandika Walenisi, iliyochapishwa mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo cha angani. Humo ndani hana wa kumtazama. Anakisoma chombo, anajifunza kukiendesha, na kilichokusudiwa kumuua kinamfikisha nchi nyingine yenye watu wanaoishi kwa usawa. Jina la nchi hiyo, Walenisi, lisome polepole: wale ni sisi. Napenda sana kwamba Mkangi hakumpa Dzombo silaha mpya. Alimwachia kilekile alichofungiwa ndani yake.

Na nje ya riwaya, Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chake Kenya: Twendapi? Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyatunga jela, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Jela ilimpa karatasi hizo kwa shughuli nyingine kabisa.

Hayo yote nilimwambia yule kijana, si kwa mpangilio huu, kahawa ikipoa. Alisikiliza, kisha akasema, "Lakini mwalimu, Boxer alikuwa ameshambana tayari. Alibakisha kukanyaga tu." Nikamwambia asome mbele, kwa sauti. Akasoma. Mbwa aliyeachiwa aliondoka akilia kwa maumivu. Muda si muda nguruwe wanne waliokwisha kuburutwa mbele ya Napoleon wakakiri makosa, na walipomaliza kukiri mbwa wakawararua koo. Boxer alikuwa papo hapo, amesimama, kwato zake nne chini.