Kempa inazima njiani halafu inawaka yenyewe: usikimbilie kununua kifaa

Majuzi kaja mzee mmoja mstaafu gereji kwetu Uyole, Mbeya, na kempa yake, van ya dizeli ya zamani, ndani kaweka kitanda, jiko la gesi na friji, anatoka Tunduma anaenda Iringa kwa wanawe. Akaniambia fundi, hii gari inazima njiani bila sababu, nakaa dakika kumi inawaka kama hakuna kilichotokea, na friji nayo inazima usiku. Alishabadilishiwa betri, akabadilishiwa na alteneta (ile inayochaji betri), bado. Iliniuma kwa kweli, manake hela yote ile imeenda kununua vitu ambavyo vya zamani vilikuwa vizima.

Ugonjwa wa kuja na kuondoka, vipo vifaa vinavyogoma vikipata moto vikipoa vinarudi, ila mara nyingi ni maungio: waya umekatika ndani, terminali imelegea, athi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi) ina kutu.

Nikamuuliza, shikamoo yangu imeshapokelewa, mzee ikizima inazimaje? Hapo ndo kazi yote ilipo. Ikikata ghafla kama umezima taa, fikiria umeme. Ikianza kukosa nguvu, inakohoakohoa ndo izime, fikiria dizeli, yani filta imeziba au kuna mpira unavuta hewa. Akasema inakata ghafla, na zaidi kwenye matuta. Sasa dizeli nyingi za zamani pampu yake ina solenoidi ya kukatia mafuta, yani vali inayofunguliwa na umeme, inataka umeme muda wote injini ikiwa inawaka, ukikatika pale dizeli inafungwa na injini inazima.

Nikachukua taa ndogo ya volti 12, waya mmoja nikaunga kwenye kichwa cha solenoidi, mwingine kwenye hasi ya betri, nikazipitisha hadi ndani taa nikaibandika kwenye dashibodi kwa selotepu. Mzee kaendesha, mi macho kwenye taa tu (dereva asiiangalie, aangalie barabara). Tuta la kwanza taa ikapepesa, la tatu ikazima na injini ikazima nayo hapohapo. Ingebaki inawaka huku injini imezima, ningeenda kwenye dizeli au solenoidi yenyewe.

Ule waya kwa nje mzima kabisa, plastiki haina hata mkwaruzo. Nikauvuta taratibu, sehemu moja karibu na kibano ukarefuka kama mpira, nikajua shaba imekatika ndani. Kuuchana nakuta unga wa kijani na nyuzi mbili tatu ndo zimeshikilia. Nikakata hadi shaba nyekundu safi, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikafunika na kuufunga vizuri usicheze.

Friji ilikuwa kesi nyingine kabisa, na hapa wengi wanachanganya kwa sababu kempa ina betri mbili, ya kuwashia gari na ya nyumba. Friji ikiwa haijawaka nilipima volti 12.6 kwenye betri ya nyumba na 12.6 kwenye friji, ungesema iko sawa. Kompresa ya friji ilipoanza kuvuta umeme, kwenye betri 12.4, kwenye friji 11.2, ndo maana ilikuwa inazima. Kwa hiyo pima kitu kikiwa kinafanya kazi, maungio mabovu hayajionyeshi mpaka umeme mwingi upite. Nikaweka waya mmoja wa mita ya kupimia volti kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bodi, ikasoma volti moja nzima, wakati ilitakiwa iwe karibu na sifuri. Athi ilifungwa juu ya rangi! Nikakwangua hadi chuma, nikapaka grisi baada ya kukaza, basi.

Kitu kimoja nilimsisitiza mzee kwa sababu njiani kuna miteremko. Injini ikizima mteremkoni usitoe gia, iache magurudumu yaizungushe, manake pampu ya vakiumu ya breki inazungushwa na injini, ikisimama kabisa una breki chache tu laini halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na usirudishe ufunguo hadi mwisho wa kuzima, usukani unaweza kujifunga.

Tulienda nayo hadi Chimala na kurudi, taa haikupepesa hata mara moja. Nilitaka kuitoa, mzee akasema iache fundi, nifike nayo Iringa.