Kilimo hai si shamba lisilopigwa dawa

Ukitaja mvinyo wa mapovu wa kilimo hai, wengi huwaza mizabibu isiyowahi kuguswa na dawa. Dhana hiyo ina miaka mingi, na si kweli. Kinachokatazwa ni dawa zinazobuniwa maabara. Mrututu, yaani chumvi ya buluu ya shaba, na salfa vinaruhusiwa.

Mrututu uliochanganywa na chokaa ulianza kutumika Ufaransa miaka ya 1880, baada ya ugonjwa wa ukungu kutoka Amerika kuvamia mizabibu. Hauponyi jani lililokwisha kuugua. Hukaa juu ya jani zima kama koti jembamba la buluu, ukizuia mbegu za ukungu zisiote. Mvua kubwa ikiliosha koti hilo, kazi inaanza upya. Kwa hiyo familia yenye shamba dogo kule Champagne, eneo la mvinyo wa mapovu Ufaransa, kwenye baridi na manyunyu, huenda ikanyunyizia mara nyingi kuliko jirani anayetumia dawa za kisasa. Ajabu, lakini ndivyo.

Tatizo ni kwamba shaba iliyo ndani ya mrututu haiozi. Hubaki udongoni, na ikizidi huwadhuru nyungunyungu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Mwaka wa mvua, hesabu hiyo inauma.